Noti Yenye Sikio

Usagara, Tanga
Alasiri, kabla hujarudi

Mwanangu Nasra,

Umetoka kwenda Ngamiani kumuaga mama yako mdogo, na yule akikushika hakuachii mpaka Magharibi. Kwa hiyo nina muda. Begi lako nimelifunga mwenyewe. Sitakuandikia habari za kula, kulala wala kufunga mlango. Hayo nimekupigia kelele miaka ishirini na mbili, na kama hayakuingia basi tena.

Naandika kwa sababu ya neno ulilolisema mchana tukiwa tunakula. Nilikuuliza kama utapita Nguvumali kumuaga baba yako, maana basi la Mwanza linaondoka alfajiri na hutarudi mpaka benki wakupe likizo. Ulikuwa unachambua miiba ya samaki. Hukuninyanyulia hata uso. Ukasema, “Yule mlevi? Mama, mimi sina baba. Kuna mtu tu wa Nguvumali, ana jicho moja, basi.” Kisha ukaomba ndimu.

Nami nikakupa ndimu. Ndicho nilichokifanya. Nikanawa mikono, nikaingia chumbani, nikakaa kitandani.

Baba yako hajaonja pombe maisha yake yote. Jicho lake halikutoka kilabuni, wala hapakuwa na mwanamke aliyegombaniwa. Jicho lilitokea hapa mlangoni pa duka letu, kwa sababu ya mdomo wangu na noti moja ya elfu tano. Isome barua hii mpaka mwisho kabla hujapanda basi, kisha uamue mwenyewe utamuaga nani.

Lazima nianzie kwa babu yako, baba yangu mimi, maana yeye ndiye aliyenitia ugonjwa wa noti. Zile albamu mbili unazijua, ulijifunzia tarakimu humo. Mna rupia za karatasi za Mjerumani za wakati wa vita, zilizochapwa humuhumu nchini kwa karatasi ya kuokoteza baada ya meli kushindwa kuleta nyingine, kila toleo na aina yake ya herufi. Mna shilingi za Mwingereza. Mna noti zetu wenyewe, tangu za mwanzo. Wateja wa duka hili, lilipokuwa lake, walimcheka kwa kuweka noti tano za aina moja, naye alikuwa hapendi kuchekwa. “Za aina moja zipi?” alikuwa akifoka. “Hii saini ya gavana imebadilika. Hii uzi wake mwembamba. Hii wino umeiva, ile haukuiva. Mna macho ya nini nyinyi?”

Sheria yake ilikuwa moja tu: noti haikunjwi. Inashikwa kwa kingo, kwa vidole viwili vikavu, na inalazwa chali. Nikiwa na miaka minane nilichukua noti ya shilingi ishirini, mpya kabisa, haijawahi kushikwa na mtu sokoni, nikaikunja mara nne nikaitia kwenye kijaluba changu cha kuchezea. Nilikuwa nacheza duka. Babu yako alinikamata. Alichukua rula ya chuma ya kupimia vitambaa, akaniwekesha mkono juu ya kaunta, akanichapa vidole mpaka kucha ya kidole cha shahada ikang'oka. Mama yangu alikuwa jikoni. Nilimsikia akiongeza sauti ya redio.

Uliwahi kuniuliza kwa nini kucha hii imeota upande, nikakwambia nilibanwa na mlango. Uongo huo nao ufute.

Sisemi haya ili unihurumie. Watoto wengi wa rika langu walichapwa kuliko mimi na hawakumtoa mtu jicho. Nakwambia ili ujue kwamba siku ile mbaya, kilichonipandisha kichaa hakikuwa fedha. Fedha ningeimudu. Ulikuwa ule mkunjo.

Ulikuwa na miaka minne. Ulikuwa umelala nyuma ya kaunta, juu ya robota la kanga, umejifunika moja ya bei ghali na mimi nimekuachia. Baba yako alikuwa amekwenda stesheni kuulizia mzigo. Akaingia mtu anaitwa Hatibu, mwenzake baba yako wa Kigombe, wamecheza pamoja utotoni. Kazi yake ilikuwa pweza. Alikuwa anazamia kwenye matumbawe na chuma chake, na hapo mjini alikuja kila wiki kuuza. Alikuwa na daftari la shule chini ya kwapa.

“Dada, n'mesikia wewe wazijua noti,” akasema. “Hii n'mepewa na mnunuzi wangu. Kila duka n'nakoingia waikataa, wasema ina ugonjwa. Hebu n'tazamie.”

Akafungua daftari. Ndani, kati ya kurasa za hesabu za mtoto, ilikuwa imelala noti ya elfu tano ya faru, mpya, na pembeni ina sikio.

Wewe utalielewa hili kuliko mtu yeyote atakayekaa karibu nawe huko benki. Noti hazichapwi mojamoja. Huchapwa nyingi kwenye karatasi moja kubwa, kisha nambari hugongwa mwishoni, kisha hukatwa. Karatasi ile kubwa ikijikunja pembe kabla ya kugongwa nambari, mashine haijui. Inagonga tu juu ya mkunjo, na kisu kinakata. Baadaye pembe inafunguka. Unapata noti yenye kipande cha karatasi cha ziada kimechomoza nje, na nambari yake nusu ipo mbele na nusu imeangukia nyuma. Noti ya namna hiyo hukamatwa kiwandani kabla haijatoka. Moja katika sijui ngapi huponyoka. Babu yako aliitafuta maisha yake yote na akafa hajaiona.

Niliinyanyua kwenye mwanga. Kichwa cha twiga kilikuwa ndani ya karatasi, mahali pake. Uzi ulikuwa mahali pake. Nilipitisha ukucha juu ya maandishi, wino ukaparuza vile unavyotakiwa kuparuza. Nasra, hapa naomba usome polepole: nilijua ni halali. Sikukosea. Miaka yote hii watu wamesema Zainabu alikosea, na mimi nimeinamisha kichwa kwa unyenyekevu kama mtu aliyekosea. Nilijua palepale, kwa vidole vyangu, kama ninavyokujua wewe.

“Ina kasoro,” nikamwambia. “Lakini wewe ni mtu wa kwa mume wangu. Nitakupa elfu tano nzima, safi, uende zako.”

Hatibu akacheka. Hakuwa mjinga. “Dada, mtu hatoi kizima kwa kibovu. Nipe elfu hamsini.”

“Elfu kumi.”

“Elfu kumi? Basi n'aondoka nayo. Mjini hapa wapo wengine wajuao.”

Akaitwaa pale juu ya kaunta. Kama angeirudisha kwenye daftari, leo baba yako angekuwa na macho mawili. Lakini alikuwa amekasirika kidogo, na mtu aliyekasirika hana habari na daftari. Akataka kuitia mfuko wa shati, na mfuko ulikuwa mdogo. Akaanza kuikunja katikati.

Niliruka kaunta. Sijui niliirukaje, na gauni refu lile. Nikamshika mkono. “Usiikunje! Usiikunje we mshenzi!” Naye akavuta. “Yangu hii, mama! Yangu!” Tumeishika wote wawili, yeye anavuta, mimi naogopa kuvuta isije ikachanika. Ndipo nikafungua mdomo nikapiga yowe.

“Mwizi! Mwizi jamani! Ana noti bandia! Ananiibia!”

Aliachia mara moja, kwa mshangao tu. Noti ikabaki mkononi mwangu, haina mkunjo.

Umekulia mtaa huu, unajua neno hilo linafanya nini. Sikumaliza hata kulitamka mara ya pili. Wa kwanza kuingia alikuwa fundi baiskeli wa jirani, yule yule aliyekuwa akituletea futari Ramadhani. Alimshika Hatibu shati mgongoni akamtupa nje barazani, na huko walikuwepo tayari wengine. Sikujua kwamba mtaa wangu una watu wengi kiasi kile. Walitoka kwa kinyozi na sabuni shingoni. Mmoja alitoka na kipande cha mbao. Mwanamke mmoja, mteja wangu, alivua kiatu.

Hatibu alikuwa anasema, “Muulizeni dada! Muulizeni dada mwenyewe!” Alilisema hilo mara nyingi, mpaka mbao ilipompata mdomoni. Baada ya hapo hakusema kitu kinachosikika. Walimkanyaga mikono. Nilisikia vidole vikivunjika, na mimi sauti ya vidole vikipigwa naijua tangu nina miaka minane.

Sasa nakuja kwenye kitu ambacho sijamwambia hata Mungu kwa sauti. Wakati wanampiga, mimi sikuwa namtazama. Nilikuwa nimegeuka, nimeinama juu ya kaunta, naikagua noti kama imepata mkunjo. Nililainisha lile sikio kwa kiganja. Nikafungua kitabu cha risiti, nikailaza ndani, nikakifunga, nikaweka jiwe la mizani juu yake ili ibaki imenyooka. Ndipo nikageuka. Wewe ulikuwa umeamka, umesimama na kanga yako, unalia.

Ningeweza kusema neno moja. Ningetoka barazani nikasema, “Mwacheni, ni halali, ni mimi mwongo.” Wangeniacha mimi, mwanamke, mwenye duka, binti wa tajiri wa Kihindi. Wangenizomea, basi. Nilifungua mdomo, wallahi nilifungua. Nikaona kwamba nikisema hilo, noti italazimika kurudi. Nikaufunga.

Baba yako alitokea kona ya juu. Hakujua ni nani anayepigwa wala kwa nini. Aliona tu mguu wa mtu chini, akakimbia, akapenya, akamtambua. Akajilaza juu yake, Nasra. Alijilaza kifudifudi juu ya Hatibu kama mtu anayefunika moto kwa blanketi, akapiga kelele, “Nipigeni mimi kwanza! Haya, mpigeni Bakari kwanza!”

Wakampiga Bakari kwanza. Unadhani watu wakishachemka wanasikia jina? Walimpiga mgongo, mbavu, kichwa. Aliinua uso kuwaambia wamtazame, wamtambue, ni jirani yao, na wakati huohuo fundi baiskeli akashusha mnyororo. Ncha yake ikaingia jichoni. Aliyeshika mnyororo ndiye aliyepiga kelele kuliko baba yako. Hapo ndipo walipokimbia wote, na barazani wakabaki watu wawili na damu na viatu visivyo na wenyewe.

Polisi walipokuja nilisema nilidhani ni bandia. Walipotaka kuiona nikasema imepotea kwenye vurugu. Niliapa.

Madaktari walilitoa jicho kesho yake. Hatibu alipona, ukiita kupona: taya limekaa upande, na vidole vya mkono wa kulia havifungiki, kwa hiyo chuma cha pweza hashiki tena. Baba yako alipozinduka neno lake la kwanza lilikuwa, “Hatibu mzima?” La pili lilikuwa kuniuliza kama wewe uliona. Nikamlisha uji kwa kijiko. Ndugu zake wa Kigombe walikuja wamefura, wanataka kujua mimi nimemfanyia nini mtu wao, na yeye, kichwa chote kina bandeji, akawaambia, “Mwacheni mke wangu. Kakosea. Nani asiyekosea?” Hatibu naye akaniletea salamu kwa mdomo wake ule mbovu kwamba amenisamehe. Mpaka leo ananisalimia kila Idi. Amenisamehe kosa ambalo sikulifanya, na lile nililolifanya halijui.

Tuliishi hivyo miezi tisa. Baba yako akiniita nije nimtilie dawa kwenye shimo la jicho, na mimi natia, na usiku nafungua albamu kutazama noti yangu.

Aliikuta mwenyewe. Siku ya Ijumaa, ametoka msikitini, akataka kukuonyesha wewe simba kwenye albamu. Nilikuwa nakaanga bajia. Nilipoingia sebuleni alikuwa ameshika ule ukurasa karibu na jicho lake moja. Alikuwa anaisoma nambari, mbele, kisha nyuma.

“Zainabu, ndiyo hii?”

Unajua nilimjibu nini? Nimelirudia jibu hilo kichwani kila siku tangu siku ile. Nilisema, “Usiishike, mikono yako ina mafuta.”

Akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile tena. Kisha akaishika ile noti kwa vidole viwili akaitoa kwenye plastiki, polepole, nikajua anataka kuikunja. Nilikuwa karibu na rafu. Mkono wangu ulishika jiwe la mizani la kilo moja, lile nililokuwa nakandamizia albamu, nikamrushia. Lilimpata chini ya shingo, mfupa ukavunjika, nikausikia. Akaanguka juu ya meza na meza ikaanguka. Ukaja mbio kutoka uani. Baba yako, yuko chini, mfupa umevunjika, akakwambia, “Baba kateleza, mamangu. Kacheze.”

Hakuikunja. Aliilaza sakafuni, mbali na damu.

Wiki iliyofuata alinipa talaka, mbele ya kaka zangu wawili, na alipoulizwa sababu akasema, “Hatukuelewana.” Kaka zangu walifurahi. Tangu nilipoolewa na Mswahili wa Kigombe nusu ya ukoo wetu walikuwa wanasubiri siku hiyo. Aliondoka na begi moja na mkeka. Mlangoni akaniambia, kwa sauti ya chini ili wasisikie, “Mtoto asijue. Msichana akimjua mamake hivi, atajitazamaje kwenye kioo?”

Hilo ndilo alilolitaka. Kunyamaza tu. Na mimi hata hilo sikuweza kumpa.

Ulipokuwa na miaka kumi ulirudi madrasa unalia, wamekwambia baba yako chongo. Ukaniuliza jicho lilikwenda wapi. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na hasira naye, maana siku hiyo asubuhi nilimwona sokoni anacheka na watu. Anacheka! Jicho moja, kibanda cha kushona viatu, na anacheka. Nikakwambia, “Aligombana kilabuni, amelewa, kwa ajili ya malaya.” Lilinitoka hivyo. Nami ningeweza kulifuta kesho yake, au mwaka uliofuata. Lakini nilionja jinsi ulivyonisogelea baada ya hapo, ulivyolala mgongo umeniegemea mimi, na nikalitaka lile joto lote kuwa langu peke yangu.

Kwa hiyo ulipokuwa na miaka kumi na tatu, akaja na viatu vya shule alivyovishona mwenyewe kwa ngozi nzuri, ukavitupa kwenye mtaro mbele ya watu ukamwambia akavivae malaya wake, mimi nilikuwa dirishani. Nilimwona akiingia mtaroni kuvitoa. Alivifuta kwa kofia yake. Alivikung'uta, akaviweka barazani pembeni kabisa, akaondoka. Nasra, mimi nilifurahi. Nilisimama pale dirishani nikafurahi. Usije ukadhani mama yako aliteswa na dhamira miaka yote hii. Kuna siku nyingi nilikuwa na raha zangu.

Basi kosa la viatu si lako. Nimekuwa nikiona uso wako unavyokunjamana ukilikumbuka lile, hata kama husemi. Ulirusha jiwe ukiwa umefungwa macho na mimi. Mkono ulikuwa wangu.

Keshokutwa utakaa dirishani huko Mwanza, na watu watakusukumia noti zao. Wewe una vidole vya babu yako. Utazijua kabla mashine haijazijua. Nimekufundisha karatasi, uzi, wino, saini, nambari. Sikukufundisha kitu kimoja kwa sababu mimi mwenyewe sikukijua: aliyesimama mbele yako. Ukiitilia shaka noti, usiinyanyue kwenye mwanga kwanza. Mtazame mwenye noti. Muulize jina lake, kwa sauti ambayo wa nyuma yake kwenye foleni hatoisikia. Mengine yote unayajua kuliko mimi.

Ile noti bado ipo. Ukurasa wa mwisho wa albamu ya pili, ule niliokuwa nakwambia umegandana usiufungue. Mtu mmoja wa Dar aliwahi kunitajia bei yake na nikaona kizunguzungu. Jumamosi nakwenda nayo Kigombe. Nitamwambia Hatibu kila kitu, mbele ya mkewe na mbele ya mwanawe, yule mwenye daftari, ambaye sasa ni mtu mzima ana ndevu. Nitamwambia na bei. Wakitaka kunipiga, wanipige. Wakitaka kunipeleka polisi, njia naijua. Usinipigie simu kunizuia, na usirudi.

Lakini kilichonifanya niandike leo si Hatibu. Baada ya ule mchana na ndimu yako, nilimpigia baba yako. Miaka hatujazungumza ila kwa salamu za msiba. Nikamwambia, “Bakari, mtoto anaondoka kesho na nataka kumwambia ukweli.”

Nilisikia nyundo ya viatu imesimama. Kisha akasema, “Usimwambie, Zainabu. N'akuomba. Mtoto aenda mbali, kwa watu asiowajua. Mwache aondoke na mzazi japo mmoja.”

Nikamwambia, “Atakuwa na wewe.”

“Mie amenizoea hivi,” akasema. “Wewe hajakuzoea hivyo.” Na akakata simu.

Hivyo ndivyo alivyo baba yako. Huyo ndiye uliyesema huna.

Nyumba yake iko Nguvumali, nyuma ya msikiti mdogo, mlango wa bluu uliobabuka. Huamka kabla ya adhana. Basi linaondoka saa kumi na mbili kamili, na mwenye pikipiki wa jirani nimeshampanga kwa saa kumi na moja kasorobo. Nimemwambia apite Nguvumali kwanza kama utamwambia apite. Sikumwambia baba yako kwamba utakwenda. Usipokwenda hatajua kwamba ulijua, na ataendelea na viatu vyake.

Barua hii naiweka juu ya begi, uikute ukirudi. Mimi nitakuwa chumbani, mlango nimeurudishia, na sitatoka usiku wala asubuhi ila ukiniita. Huna haja ya kunigongea kwa adabu. Kuaga watu wawili asubuhi moja, na habari kama hii moyoni, labda ni kuzito. Kama una kwaheri moja tu, mwanangu, usiniletee mimi. Mpelekee yeye, umshike mkono wake, umwite baba, asikie.

Mama yako,
Zainabu